Kabla hujasema Ben Folds amechuja, msikilize hivi kwanza

Mashabiki wa Ben Folds wakikutana ligi ni ileile. Mmoja anasema jamaa aliisha siku bendi ilipovunjika, mwingine anasema hapana, kwenye solo ndo kakua, wa tatu anakuja na "albamu ya kwanza ya solo tu, baada ya hapo basi", halafu watu wanarushiana majina ya albamu mpaka usiku wa manane na hakuna hata mmoja aliyesogea. Nimekaa kwenye huo ubishi miaka mingi, nimeshakuwa yule wa kwanza, nikawa yule wa tatu, na sasa hivi nina namna yangu ya kumsikiliza huyu mtu ambayo imenisaidia sana, manake nikibishana angalau najua nabishania nini. Naiandika hapa kwa yeyote anayempenda kama mimi na amechoka kusikia maneno yaleyale.

Kama ndo unaanza, habari yenyewe iko hivi. Ben Folds ni mpiga piano na mtunzi kutoka North Carolina, Marekani, kazaliwa 1966. Mwaka 1993 wakaanzisha Ben Folds Five pale Chapel Hill, jina linasema watano lakini walikuwa watatu tu, yeye kwenye piano, Robert Sledge kwenye besi, Darren Jessee kwenye drams, gitaa hakuna kabisa, na besi ya Sledge ilikuwa na mkwaruzo mzito uliojaza ile nafasi ya gitaa. Wakatoa albamu 1995, 1997 na 1999, "Brick" ikapigwa sana redioni, mwaka 2000 wakaachana. Kuanzia hapo ni Folds kwa jina lake mwenyewe, na hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Jambo la kwanza la kufanya, achana na ule mchoro wa mlima. Unajua ule, kwamba alipanda, akafika kileleni, halafu akaanza kushuka taratibu mpaka leo. Watu wanaupenda kwa sababu ni rahisi kuusema, lakini jaribu kuuweka juu ya kazi zenyewe uone kama unakaa. Rockin' the Suburbs 2001, Songs for Silverman 2005, Way to Normal 2008, Lonely Avenue 2010, So There 2015, What Matters Most 2023. Hiyo ya 2008 ndo inayopigwa mawe kuliko zote, na ndo hiyohiyo iliyopanda juu kuliko albamu zake zote za solo kwenye chati ya Billboard 200, ilifika namba 11. Kwa hiyo chati haikusaidii, na tarehe nazo hazikusaidii, manake ndani ya hiyo hiyo albamu ya 2008 kuna nyimbo mbili ambazo mi naziweka mbele ya nusu ya ile ya 2001. Ubora wake haupandi wala kushuka kwa miaka. Unapanda na kushuka kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine, wakati mwingine kutoka ubeti kwenda ubeti, na ukibishana kwa albamu nzima nzima utakuwa unakosea kila mara hata ukiwa na haki.

Sasa, usianzie na Rockin' the Suburbs. Najua kila mtu anakutuma huko, na ni albamu kubwa kweli, ilitoka tarehe 11 Septemba 2001, siku ileile ya mashambulizi Marekani, halafu karibu ala zote kazipiga mwenyewe (huyu mtu kabla ya yote ni mpiga drams, alienda chuo kikuu cha Miami kwa udhamini wa kusomea ngoma, na ukishajua hilo utaelewa kwa nini mkono wake wa kushoto unagonga piano vile). Anza na Ben Folds Live ya 2002. Hapo ni yeye, piano, na watu waliokuja kumsikiliza, basi. Hamna prodyuza wa kumlaumu wala bendi ya kuikumbuka, wimbo umesimama hivohivo na unaona kama una miguu.

Fanya hivi, chukua wimbo mmoja uusikilize wa studio, halafu papo hapo wa laivu, kisha rudi wa studio. "Not the Same" ndo wa kuanza nao. Ni habari ya kijana aliyepanda juu ya mti kwenye pati akiwa amelewa dawa, asubuhi akashuka ameokoka, na marafiki zake hawakumpata tena yule waliyemjua. Studio ni wimbo mzuri tu, umejaa, una nguvu. Laivu anawagawia watu sauti kama mwalimu wa kwaya, hawa juu, hawa katikati, hawa chini, na kiitikio kinapofika ukumbi mzima unaimba kwa sauti tatu, watu ambao hawajawahi kufanya mazoezi pamoja hata siku moja. Mara ya kwanza kuisikia hiyo nilisimama. Na kwenye "Army", ambayo ni ya enzi za bendi, watu ndo wanaimba ile sehemu ya tarumbeta. Ukimaliza hiyo rekodi utakuwa na kipimo mkononi: kila wimbo wa baadaye utakaokuudhi, jiulize kwanza, ningeusikia kwa piano tupu na watu wanaimba, ningeukataa bado? Ukijibu hapana, tatizo lako ni nguo ya wimbo, wimbo wenyewe hauna kosa. Ukijibu ndio, basi endelea kubishana, una hoja.

Hicho kipimo kinatatua nusu ya ubishi. Nusu nyingine ni mistari, na hapa nina swali moja ambalo nataka ulichukue uliweke mfukoni: kwenye huu wimbo, Folds amekaa wapi kuhusu yule mtu anayemwimba? Amekaa naye kwenye kiti cha pembeni, au amesimama juu yake anamnyooshea kidole?

Chukua "Fred Jones Part 2" kutoka Rockin' the Suburbs. Mzee kafanya kazi gazetini miaka 25, leo siku yake ya mwisho, vitu vyake viko kwenye maboksi, na pale ofisini karibu hakuna anayejua yeye ni nani. Folds haongezi chochote, hatoi hukumu kwa bosi wala hamlilii mzee, anakaa naye tu gizani na ile piano, na John McCrea wa bendi ya Cake anaimba nyuma yake kwa sauti kavu ambayo inazidi kuumiza. "Carrying Cathy" ya albamu hiyohiyo, hivyohivyo. "The Ascent of Stan", ambayo ingeweza kabisa kuwa ya kumcheka mtu aliyepiga kelele dhidi ya mfumo enzi za ujana halafu akaishia kuwa mfumo wenyewe, ina huruma ndani yake. "Still Fighting It" kamwimbia mwanae wa kiume akiwa mtoto mdogo kabisa, na anamwambia ukweli kuhusu kukua ambao wazazi wengi wanauficha. Sasa weka pembeni yake wimbo uliobeba jina la albamu, "Rockin' the Suburbs", ambao anawacheka wanamuziki wa roki wa kipindi kile waliokuwa wanauza hasira. Ulikuwa singo, ulimtangaza, mi nilikuwa naucheza sana. Leo ndo wimbo uliozeeka haraka kuliko yote pale ndani, na sababu ni kwamba hakuna mtu ndani yake, kuna kidole tu.

Jaribu hilo swali kwenye kila albamu utashangaa linavyofanya kazi. Akikaa na mtu, wimbo unadumu. Akisimama juu ya mtu, wimbo unachakaa.

Najua wa upande wa bendi wananingoja hapa. "Kaka, na 'Song for the Dumped' je? Ile ni hasira tupu, jamaa anadai mpaka hela na tisheti yake irudishwe, na hakuna shabiki asiyeipenda." Kweli, naipenda na mimi. Lakini sikiliza kinachotokea kwenye ile rekodi ya 1997. Mistari yake nyingi ni ya Jessee, besi inanguruma, drams zinakimbia, watatu wote wanapiga kelele kwa pamoja, na hasira ikigawanywa kwa watu watatu inageuka mchezo, unasikia wanacheka na huyo jamaa aliyeachwa, wala hawamdharau yule mwanamke kwa dhati. Ukiwa peke yako mbele ya piano maneno ya namna ile hayana pa kujificha. Hilo ndo bendi ilimpa na solo ikamnyang'anya, na kama unataka kutetea upande wa bendi tetea hapo, utakuwa na nguvu kuliko kusema tu "zamani ilikuwa bora".

Tuingie sasa kwenye Way to Normal kwa sababu ndo uwanja wa vita, na watu wengi wanaisikiliza vibaya.

Ilikuja baada ya ndoa yake kuvunjika na kuna nyimbo pale ndani ambazo zimejaa uchungu wa moja kwa moja. Kuna moja hata jina lake siliandiki hapa, inamtukana mwanamke toka mwanzo mpaka mwisho, na kwa kipimo cha kiti na kidole inaanguka vibaya, sina cha kuitetea. "The Frown Song" nayo imesimama juu ya watu na kuwatazama chini. Kwa hiyo wanaolalamika wana haki. Ila kabla hujaitupa yote fanya vitu viwili. Kwanza ruka moja kwa moja mpaka "Cologne", mtu yuko hotelini Ujerumani, mbali, anamwachia mwenzake aende kwa kuhesabu namba kurudi nyuma, na hapo hakuna hasira hata chembe. Halafu maliza na "Kylie From Connecticut", mke anakuta jina la mwanamke mwingine kwenye ujumbe wa mumewe, na badala ya kelele wimbo unaingia ndani ya moyo wake na kukuta huko kuna zaidi ya usaliti wa upande mmoja. Kama mtu aliyechuja anaandika hivyo, basi sijui neno kuchuja lina maana gani.

Cha pili ni sauti. Ile albamu ilitoka imebanwa, kila kitu kimepandishwa juu, piano na drams na sauti vyote vinapigana kwenye masikio, ukiisikiliza kwa hedifoni nyimbo nne tano unachoka bila kujua kwa nini, na mashabiki walilalamika wazi. Mwaka 2009 Folds akatoa Stems and Seeds, ndani yake kuna mafaili ya kila ala peke yake ili mtu ajichanganyie mwenyewe, pamoja na albamu nzima ikiwa na masta mpya isiyobanwa vile na mpangilio mwingine wa nyimbo. Sikiliza hiyo. Mi nilikuwa nimeshaiandika albamu kwenye kundi la zilizoharibika, nikaisikia kwenye Stems and Seeds nikakuta nilikuwa naichukia miksi, na nyimbo nyingine hazikuwa na hatia. Siyo zote, lakini nyingi.

Kuna na ile hadithi ya 2008 kabla albamu haijatoka, waliingia studio Dublin wakarekodi haraka haraka nyimbo bandia zenye majina ya zile za kweli, halafu wakazivujisha wenyewe kwenye intaneti. Zitafute. Zinaonyesha kitu muhimu kwa huu ubishi wetu: mtu huyu akiwa na wenzake chumbani, bila muda wa kufikiria sana, anatoa vitu vyenye pumzi. Baadhi ya zile bandia zina uhai kuliko zile zilizoitwa halali.

Songs for Silverman inahitaji namna tofauti kabisa. Hii usiisikilize ukiwa umetoka kusikiliza bendi, itaonekana imelala. Alikuwa na Jared Reynolds kwenye besi na Lindsay Jamieson kwenye drams, watatu tena, lakini hawagombanii nafasi, wanaachiana. Ipe siku yake peke yake na uirudie mara tatu kabla hujafungua mdomo. Mara ya kwanza utashika "Landed" tu. Mara ya pili "Gracie" itakuingia, ni ya binti yake, fupi, haina ujanja wowote. Mara ya tatu utafika kwenye "Late", aliyomwandikia Elliott Smith aliyefariki 2003, na utakuta maneno ya kawaida kabisa, ya mtu anayejuta kwamba alichelewa kusema kitu kizuri kwa mwenzake. Mashabiki wanaosema imepoa wanasema kweli kuhusu mwendo wake. Kuhusu mistari hawajafika huko bado. Kwangu hii ndo albamu yake ambayo karibu hakuna kidole kabisa, na ndo maana nairudia kuliko nyingine yoyote ya solo.

Zile EP tatu (rekodi za nyimbo chache tu) za 2003 na 2004, Speed Graphic, Sunny 16 na Super D, zipitie zote, ni fupi. "Learn to Live with What You Are" ni lazima.

Lonely Avenue ipo kwa ajili ya wale wanaosema shida yake ni mistari tu, manake hapa mistari siyo yake, ni ya Nick Hornby, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, yeye kaweka muziki, na vinanda vya nyuzi kapanga Paul Buckmaster. Sikiliza "Picture Window", mama na mtoto mgonjwa hospitalini usiku wa kuamkia mwaka mpya. Halafu "Belinda", mwanamuziki wa zamani analazimika kila usiku kuimba wimbo wake mmoja maarufu unaomhusu mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimwacha, kwa sababu watu wamekuja kwa ajili ya wimbo huo tu. Ukishausikia huo fikiria upya unachomfanyia unapomdai "Brick" kila siku.

So There ina nyimbo na kundi la yMusic, watu sita wa ala za kiokestra kutoka New York, kisha konseto ya piano na okestra ya Nashville. Konseto naiheshimu, siipendi sana, ina mawazo mengi yanayokatishana kabla hayajakomaa. Nyimbo ni bora kuliko watu wanavyosema.

Halafu kuna mtihani ambao kila wa upande wa bendi lazima aufanye, na afanye kwa uaminifu. Mwaka 2012 Ben Folds Five walirudi na The Sound of the Life of the Mind, hela za kuitengeneza walichangisha kwa mashabiki wenyewe, ikaingia kumi bora Billboard. Watu walewale, ala zilezile. Isikilize mwanzo mpaka mwisho ukiwa na swali moja: kama dawa ilikuwa bendi, mbona hii haijawa Whatever and Ever Amen, ile albamu yao ya 1997, ya pili? Besi ya Sledge ipo, ile sauti ipo, nilifurahi kupita kiasi siku inatoka. Lakini utunzi ni wa mwanaume wa miaka arobaini na kitu mwenye talaka na watoto, yaani ni yuleyule wa solo. Bendi ilibadilisha nguo, mtu alikuwa ameshabadilika. Mi huo ndo ulinitoa kwenye upande wa kwanza, na hakuna aliyewahi kunipa jibu la kunirudisha.

Sasa mkikaa kubishana, fanyeni utaratibu huu, mi na rafiki yangu mmoja tumeutumia tukaacha kununiana. Kila mtu alete nyimbo tatu: moja anayoitetea, moja anayoikataa, na moja nzuri kutoka kwenye albamu anayoichukia. Hiyo ya tatu ni lazima, asiyeileta hajajiandaa. Sikilizeni pamoja, wimbo mzima, hakuna kuongea juu yake. Anayetetea aseme Folds amekaa wapi na yule mtu wa kwenye wimbo. Anayekataa aseme kama anakataa wimbo au rekodi. Maneno "amechuja" na "ametuuza" yapigwe marufuku mpaka nyimbo zote ziishe, na umri wako ulipousikia wimbo mara ya kwanza utajwe wazi, kwa sababu ukiusikia ukiwa na miaka 17 na moyo umevunjika, utakuwa bora maisha yako yote na hiyo siyo kazi ya Folds peke yake.

Rafiki yangu ni wa bendi tupu, wa 1995 mpaka 1999, ukimtajia solo anabadilisha mada. Zamu yake ya wimbo wa tatu ilipofika alitoa kitu ambacho sikukitegemea, "Kristine From the 7th Grade" kutoka What Matters Most. Mwanamke aliyesoma naye utotoni anamtumia barua pepe zilizojaa chuki na njama za uongo, na Folds wa 2008 angemcheka mpaka wimbo uishe. Folds wa 2023 anamuuliza taratibu imekuwaje akafika huko. Rafiki yangu akasema, huyu ni yule aliyemwimba Fred Jones. Nikamwambia rudisha mwanzo, tuusikie tena.